Foleni ya Siku Ile Songwe

Mafinga,
9 Machi 2025

Kwako mpwa wangu Atuganile,

Kamwene. Itikia hata kama uko huko Ujerumani, nitasikia, masikio yangu unayajua.

Sisi huku wazima wote. Bibi yako Evarista anakohoa kidogo asubuhi kwa ajili ya baridi, lakini uji anamaliza na wajukuu wa jirani anawagombeza kama kawaida. Mama Fred anakusalimu, anasema lile shuka lako la maua amelifua, amelikunja, na halilaliwi na mtu. Fred kapata pikipiki nyingine, hii ya sasa inawaka bila kusukumwa. Mvua zipo. Mahindi yamenipita kichwa, na mimi si mfupi.

Naandika kwa karatasi kwa sababu bibi yako amekataa simu. Siku ile ulipopiga alisema sauti yako ni ya mtu aliyefunikwa na ndoo, akamrudishia Fred simu yake na siku nzima hakuwa na raha. Anataka karatasi. Nimsomee, aishike, aiweke chini ya mto. Basi tutaandikiana. Kuandika kwangu si kazi, niliachia darasa la tano kwa sababu mwalimu aliona hakuna kilichobaki cha kunifundisha.

Sasa nikukumbushe mambo ya siku ile uwanja wa ndege wa Songwe, maana wewe ulikuwa na mawazo ya safari, huenda mengine hukuyaona.

Tulipofika kutoka Uyole kwa baba yako, watu walishajipanga kwenye ule mlango wenye mashine, kila mtu na toroli lake. Baba yako Samwel akasema tuwahi. Mimi nikasema tulia shemeji, mambo ya foleni niachie. Nikashika toroli nikasimama mbele yako kama ukuta wa benki. Akaja yule bwana wa suti, simu iko sikioni, anajifanya anaongea na Dar huku mguu mmoja ameshauingiza mbele yetu. Wachomekeaji wote ni hivyo, hawakuangalii usoni. Nikamwambia taratibu tu, mzee, hapa kuna Kalinga. Alirudi nyuma mpaka kwenye maegesho ya magari. Akaja yule mama mwenye maboksi. Naye akaona nilivyosimama, akajipanga mwenyewe mwisho kabisa. Askari wa mlangoni aliniuliza nilistaafu jeshi mwaka gani.

Halafu ndiyo mashine ikaona ile chupa ya asali ya Idodi, wakasema mzigo ufunguliwe. Wewe unajua kwetu mzigo wa msafiri unafungwa na mjomba, na unafunguliwa ukifika kwa mwenyeji wako, haufunguliwi njiani. Niliwaeleza vizuri. Lakini serikali ni serikali, nikainama kufungua. Tatizo fundo langu si la kitoto. Lile ndilo nililofungia mbao za lori lililopinduka mlima Kitonga mwaka ule. Dereva alipotoka kwenye kichwa cha gari alikuta lori limelala na mbao zimesimama. Wenzake waliokuwa wanamsubiri Ipogolo ni mashahidi mpaka leo. Fundo la namna hiyo huwezi kulifungua kwa pupa. Ndiyo maana tulikawia.

Hayo tu. Chumba chako nimekifunga, funguo ninayo mimi. Mvulana wa jirani aliomba kuweka mahindi yake humo nikamfukuza.

Ni mimi mjomba wako,
Sosthenes Kalinga,
Meneja wa Upakiaji


Ujerumani,
17 Aprili 2025

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo Bibi, shikamoo Mama Fred. Fred hujambo, vaa kofia ya pikipiki.

Kamwene, Mjomba. Niliitikia kwa sauti nilipofungua barua, na yule mzee ninayemhudumia akadhani nimemsalimia yeye. Sasa kila asubuhi ananiambia kamwene, na analitamka vizuri kuliko watoto wa Mbeya.

Mimi ni mzima. Nyumba hii ya wazee ina ghorofa na bustani, na mimi niko ghorofa ya chini. Nawaamsha, nawavisha, nawapeleka kupata kifungua kinywa. Wengine wana watoto wanaokaa mji huu huu na hawaji. Lugha inanipiga chenga, lakini mikono inaelewana. Baridi ya huku ni ya Mafinga ya mwezi wa saba, ila haina mahali pa kuotea moto.

Juzi nilikwenda duka la mikate. Watu wamejipanga kimya, mmoja nyuma ya mwingine, hakuna anayemgusa mwenzake. Akaingia mama mmoja akanichomekea mbele. Kijerumani kikanipotea chote. Nikasema kwa Kiswahili, mama, nyuma huko, sisi wengine si miti. Duka zima likageuka. Yule mama akarudi nyuma. Nilitoka na mkate wangu, nikafika kona, nikaanza kulia barabarani, na nilikuwa nimeshinda.

Bibi, barua yako inaishia hapa. Nakupenda, kunywa dawa ya kifua.

Mjomba, kuanzia hapa soma peke yako kwanza.

Mjomba, mimi siku ile nilikuwepo. Yule bwana wa suti hakurudi maegesho. Ulimwambia, “Pita mzee wangu, sisi hatuna haraka.” Yule mama wa maboksi ulimbebea mwenyewe ukampandishia kwenye mashine, ukamuuliza na habari za nyumbani kwake. Kila aliyekuja ulimpisha. Baba alikuwa anaangalia saa mpaka akaenda kusimama nyuma ya nguzo. Kuhusu fundo, mimi nimekulia pembeni ya malori yako. Naona toka utotoni unavyovuta ile ncha fupi, mara moja, na kamba yote inaanguka chini. Askari alikuletea kisu ukakikataa. Uliinama pale mpaka foleni yote ikatupita, na mimi nikaingia wa mwisho nikikimbia, hata kukuaga sikukuaga vizuri. Sikuuliza siku ile. Nauliza leo.

Na kuna jambo kubwa kuliko hilo. Nilikuja kwa mwaka mmoja wa kujitolea, kama kanisa lilivyopanga, na Februari narudi. Sasa mkuu wa hapa ameniita. Wanataka nibaki nisomee uuguzi, miaka mitatu, nafasi ipo moja. Lazima nijibu kabla ya mwisho wa Septemba. Baba nimempigia, amesema, mjomba wako ndiye aliyefunga mzigo, muulize yeye. Mama angekuwepo ningemuuliza mama. Basi nakuuliza wewe. Nibaki au nirudi? Bibi utamwambia kwa namna utakavyoona inafaa.

Mpwa wako,
Atuganile


Mafinga,
8 Juni 2025

Mpwa wangu Atuganile,

Kamwene na mwenzako huyo mzee wa Kijerumani naye kamwene. Mwambie akija huku nitamtembeza shamba la miti, ataona misonobari mpaka asahau kwao.

Barua yako ilichelewa posta. Tulipoipata, bibi yako aliniamrisha nisome mara mbili, na pale kwenye duka la mikate mara tatu. Alisema huyo ni mtoto wa Lea kweli, mama yako naye alikuwa hivyo kwenye foleni ya kisimani. Kifua chake kinakwenda na kurudi. Baridi imeingia, asubuhi hatuoni hata choo kilipo.

Wewe umenikumbusha foleni, basi nikupe ya huku. Mwezi uliopita ilikuja mbolea ya ruzuku. Nilifika jogoo wa kwanza hajajua kama ni zamu yake. Nakuta mbele yangu kuna matofali yamepangwa mstari, hakuna watu. Nauliza, nikaambiwa kila tofali lina mwenyewe, wenyewe wamekwenda kuota moto kilabuni. Jua likachomoza, ulanzi ukawakolea, ndipo wakaja mmoja mmoja kudai nafasi zao. Nikawaambia hakuna shida ndugu zangu, mbolea itagawiwa kwa matofali, nyie subirini yakitoka nayo. Watu walicheka mpaka karani akafunga dirisha. Walinichagua pale pale niwe mwenyekiti wa foleni. Nilipanga watu mpaka jioni, wazee mbele, wajawazito mbele, waliolewa nyuma. Mkuu wa wilaya alisikia, nasikia anatafuta namba yangu.

Chumba chako nimekitia dari. Mbao za paini safi, nimezichagua mwenyewe, hazina vidonda hata kimoja. Dirisha nimelipanua liangalie barabarani. Nimeongeza na meza ya kuandikia, maana msomi hawezi kuandikia kitandani. Nataka kupaka rangi, sijui unapenda gani. Ukipenda kijani andika kijani.

Kuna kipande cha mwisho cha barua yako ambacho hakikusomeka. Mvua ilinyesha siku Fred alipoitoa posta, maji yakaingia mfukoni, wino ukakimbia. Niliona tu neno Septemba. Septemba huku ni mwezi wa kuandaa mashamba, kama ulikuwa unauliza hilo.

Mama Fred anasema karatasi haikulowa. Usimsikilize, macho yake yameanza kuchoka.

Mjomba wako,
S. Kalinga


Ujerumani,
11 Julai 2025

Mjomba,

Shikamoo. Wote nawasalimu. Mimi mzima. Mzee wangu wa kamwene alianguka bafuni, lakini anaendelea vizuri. Ananiita mimi tu, wengine akiwaona anafumba macho.

Bibi, matofali yamenichekesha mpaka wenzangu wakaja kuniangalia chumbani. Rangi napenda ya maziwa. Barua yako inaishia hapa.

Mjomba, safari hii naandika kwa kalamu ya wino usiofutika, herufi kubwa, na bahasha nimeizungushia nailoni.

NIBAKI MIAKA MITATU NISOME, AU NIRUDI FEBRUARI?

Mvua ya mwezi wa tano Mafinga naijua, Mjomba. Haipo.

Nilimpigia Mama Fred. Amesema ukisikia habari hiyo unakumbuka una kazi bandani. Amesema dari umeipiga usiku na mchana mpaka majirani wanauliza kama kuna harusi.

Mimi sikuambii ninachotaka, kwa sababu nikisema utanifuata, na ukinifuata halitakuwa neno lako. Nataka neno lako. Mama alipozikwa ulinibeba mgongoni toka makaburini mpaka nyumbani, na mimi nilikuwa mkubwa wa kutembea. Hukuniuliza kama nimechoka. Ulijua tu. Basi na hili lijue.

Ukisema rudi, nitarudi, na sitakulaumu siku yoyote. Ukisema baki, nitabaki. Usiponiambia kitu, Mjomba, hapo ndipo nitakapopotea.

Wanasubiri jibu mwisho wa Septemba.

Atu


Mafinga,
24 Agosti 2025

Mpwa wangu,

Kamwene. Bibi yako kifua kimetulia, ila miguu sasa. Rangi ya maziwa nimepaka. Imekuwa nyeupe mpaka kuku aliingia akatoka kwa heshima.

Barua yako imesomeka yote. Nailoni ni kitu kizuri.

Nilichelewa kujibu kwa sababu nilisafiri kikazi. Shangazi yako Bupe, dada wa baba yako, amepelekwa Dar kutibiwa macho, na ukoo mzima wa Uyole ulikaa ukasema huyu hawezi kusindikizwa bila Kalinga, maana Kalinga ndiye anayeijua Songwe. Nikapanda basi, nikalala kwa baba yako. Alinichinjia jogoo. Hatukuongea habari zako. Alipata kuniuliza mara moja, vipi lile la mtoto, nikamuuliza vipi viazi mwaka huu, akanielewa.

Asubuhi tukaenda uwanjani na shangazi yako kavaa miwani nyeusi kama mwanamuziki. Foleni ilikuwepo, na safari hii sikufanya mchezo. Kijana mmoja alijaribu kupita na begi la mgongoni, nikamshika begi nikamgeuza kama unavyogeuza ng'ombe, akajikuta anaangalia alikotoka. Mwingine akasema yeye ni mtu wa mradi. Nikamwambia na sisi ni mradi, mradi wetu ni macho ya huyu mama. Shangazi yako aliingia wa pili. Wa kwanza alikuwa padri, huyo nilimwacha.

Nikabaki nje pale kwenye uzio na wasindikizaji wengine. Basi ukaja ukungu, Atu. Ukungu mzito, milima ikapotea, mpaka ile bendera ya pale mlangoni ikapotea. Ndege tuliisikia. Ilikuja, ikanguruma juu yetu, ikazunguka, ikanguruma tena. Kila mtu kaangalia juu na hakuna anayeona kitu. Halafu sauti ikawa ndogo, ikaisha. Wakatangaza imerudi Dar, abiria watoke, safari mpaka kesho yake.

Watu walikasirika sana. Waligombania kibanda cha tiketi, foleni ikafa kabisa, mtu na mkewe wanasukumana. Shangazi yako akatoka analalamika. Mimi peke yangu sikugombana na mtu. Nilisimama pale naangalia ule ukungu, nikasema, sasa wewe umekuja Agosti kufanya nini. Februari ndio mwezi wako. Siku ile ya safari ya mtoto wangu niliamka alfajiri Uyole, nikatoka nje kukutafuta, na kulikuwa na nyota mpaka kwenye paa. Ungekuja siku ile.

Shangazi aliondoka kesho yake salama.

Lile swali lako nitalijibu. Karatasi hii imefika mwisho, kama unavyoona.

Mjomba wako,
Sosthenes


Ujerumani,
10 Septemba 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako nimeipata jana. Nimeisoma jikoni, nimeisoma kitandani, leo nimeisoma kwenye benchi la bustani mzee wangu akiwa amelala kwenye kiti chake.

Hukuandika jibu lakini nimelipata.

Nitawaambia kwamba Februari narudi. Sitaki usimame tena kwenye uzio unaongea na ukungu. Bibi miguu yake, kifua chake, na wewe unapaka rangi chumba kisichokuwa na mtu. Masomo yapo hata Tanzania, nitaomba. Mkuu wa hapa nitamwona tarehe 30, ndiyo siku ya mwisho, nitamwambia asante.

Barua hii msomee Bibi yote, hakuna kipande cha kuficha.

Nimepata amani. Karibu yote.

Mpwa wako,
Atuganile


Mafinga,
27 Septemba 2025

Atuganile,

Barua hii Fred anaipiga picha sasa hivi na kukutumia kwenye simu. Karatasi yenyewe itafuata kwa posta. Isome kabla hujaenda kwa huyo mkuu wako.

Wote wazima.

Barua yako ilifika leo asubuhi. Niliisoma kwa bibi yako yote, kama ulivyosema. Alipiga vigelegele akiwa amekaa, halafu akaniambia nitoe kuku wawili tuwafungie wanenepe mpaka Februari. Na mimi nilicheka, sikufichi. Nilitoka nje nikawaambia watu wa kiwanda cha mbao, mtoto wangu anarudi, wakazima na msumeno kunipongeza.

Mama Fred aliendelea kuchambua maharage. Mchana niliporudi kula akaniuliza, “Baba Fred, ulimwandikia nini mtoto mpaka akaamua hivyo?” Nikasema nimemwandikia habari za Songwe tu. Akasema, “Nisomee.” Nikaanza kumsimulia, akasema hapana, siyo unavyosimulia, unavyokumbuka ulivyoandika. Nikamwambia. Nilipofika kwenye ukungu akaacha maharage. Akasema, “Na hapo ulitaka afanye nini kingine?”

Chakula kilinishinda.

Sasa sikiliza, maana hili nalisema kama kaka wa mama yako, na kwa niaba ya Lea. Baki. Soma hiyo miaka mitatu. Tarehe 30 nenda kwa huyo mkuu, mwambie unataka ile nafasi, weka jina lako. Ukiiacha, kuna mtu nyuma yako ataingia, na hatakuwa na kosa lolote, atakuwa amepishwa. Siku ile Songwe watu wengi walikupita wewe umesimama. Huko usimpishe mtu. Hata kama anakuja analia. Hata kama ni mimi.

Ulisema huniambii unachotaka ili neno langu lisije likageuka lako. Lakini ulisema umepata amani karibu yote. Mimi nimepakia mbao miaka mingi, mpwa wangu. Mzigo uliokaa sawa karibu wote ndio unaopindua lori.

Chumba kipo. Rangi haiozi. Nitafungua dirisha mara kwa mara kipigwe na hewa.

Bibi yako nimeshamwambia. Nilimwambia jioni hii, nimekaa kwenye kigoda chake cha chini ili anipige kama anataka. Hakunipiga. Amechochea moto, halafu akasema wale kuku niwafungue. Amelia kidogo, kilio cha mtu mzima, bila sauti. Sitakudanganya kwamba hakulia.

Halafu giza lilipoingia akaniuliza kama anavyoniuliza kila siku toka uondoke: “Leo mtoto amekula nini huko?” Maana hujui, anauliza kila jioni. Nikamwambia leo umekula samaki, mkubwa, alipikwa na yule mzee wa kamwene mwenyewe, alinyanyuka kwenye kiti akasema leo Atu asiguse sufuria. Akauliza samaki wa namna gani. Nikasema wa mto wa huko, wana masharubu, wakivuliwa wanapiga chafya. Akasema muongo wewe. Akasogea karibu na moto. Akasema, enhe, halafu?

Basi hilo lisikusumbue. Barua yako inakuja moja kwa miezi miwili, na bibi yako anataka habari zako kila jioni. Wewe soma. Jioni zinazobaki niachie mimi.

Mjomba wako,
Sosthenes